Kipepeo Mbele ya Jeneza

Jumamosi iliyopita nilibeba picha ya kipepeo mbele ya jeneza kwa mara ya pili maishani mwangu. Kwetu Goma, maiti akitoka nyumbani kwenda makaburini, mtu mmoja hutangulia na msalaba, na mwingine humfuata na picha ya marehemu ameishika kifuani kwa mikono miwili, ili barabara nzima ijue ni nani anayepita. Mbeba picha hachaguliwi ovyo. Huwa ni mtoto wa marehemu au rafiki wa karibu, mtu ambaye hatajikwaa kwenye mawe yetu meusi na kuiangusha fremu. Jumamosi tulikuwa wawili. Mjukuu wa Mama Kavira alibeba picha ya bibi yake, picha ya simu niliyoikuza mimi studio kwangu, na nyuma yake nikatembea mimi na kipepeo. Wasiotujua walinong'ona. Mara ya kwanza pia walinong'ona, na wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa nakaribia hamsini, nina mvi na goti linaloniuma kila mvua ikikaribia, na minong'ono ya watu nimeizoea. Lakini machozi yalinitoka yale yale, na safari hii nilijua kwa nini yananitoka.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa mwisho kabla moto wa mlima wetu wa volkano haujashuka mjini. Wazazi wangu na kijiji nilikotoka havimo ndani yake, kwa hiyo naviacha. Nilikuwa najifunza kazi kwa Papa Anselme, aliyekuwa na studio ya picha mtaa wa Birere, chumba kimoja cha mbao kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele kulikuwa na kigoda, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, na koti moja la bluu ambalo kila mwanamume wa Birere alilivaa siku ya kupigwa picha ya kitambulisho, mnene kwa mwembamba. Nyuma ya kigoda kulikuwa na kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria ikipita juu yake, sijui ikienda wapi. Upande wa pili wa pazia ndiko tulikooshea picha nyeusi na nyeupe, na harufu ya dawa ilinikaa mikononi hata wakati wa kula. Papa Anselme alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia hata kwa watu ambao hawakumwuliza. "Foto ni sura," alisema. "Macho mbili, masikio mbili, yote ionekane. Ingine ni mapambo." Nilimwamini, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuamini.

Kavira aliingia asubuhi moja akiwa amefunga kitambaa cha njano kichwani, msichana mrefu, mwembamba, mwenye macho yaliyokuwa na rangi ya njano kidogo nayo. Alisalimia vizuri, akamwuliza Papa Anselme kama tunaweza kupiga picha ya kipepeo. Papa Anselme akaweka chini kikombe chake cha chai. "Kipepeo naye anatafuta kitambulisho?" Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakacheka, mmoja tayari amevaa koti la bluu. Kavira naye akacheka, kisha akaeleza kwa utulivu kwamba anasoma biolojia, yuko mwaka wa kumaliza, na kazi yake ya utafiti, ile ambayo mwanafunzi huitetea mbele ya walimu ili apate diploma, inahusu vipepeo wa bustani za Himbi, kando ya ziwa. "Prof anasema niwakamate, niwaue, niwachome sindano kwa mbao," alisema. "Miye siwezi, Papa. Sindano nimechomwa mingi, naijua. Nikamuomba nilete foto, akakubali, lakini anataka aone mpaka nywele za miguu." Papa Anselme aliinua mabega, akaninyooshea kidole. Alikuwa na kamera ya zamani ambayo kipima mwanga chake kilikuwa kimekufa, hakuitumia tena kwa wateja. "Mupe Furaha kazi," alisema. "Yeye njo ana wakati ya wadudu."

Mkanda wetu wa kwanza ulikuwa aibu. Lenzi ya ile kamera ilikuwa ya kawaida, ya kupigia watu, na haikukubali kusogea karibu. Ukiwa umbali wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidole, kila kitu kinageuka moshi. Nikapigia kwa mbali. Mikanda ya rangi tuliipeleka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, na baada ya wiki moja ya kungoja zikarudi picha thelathini na sita za majani, kila moja na kidoa cha rangi katikati ambacho ungeweza kudhani mtu amedondosha chai. Kavira alizipanga zote juu ya meza, akazitazama moja moja akitafuta la kusema. "Majani imetoka muzuri," akasema mwishowe. Nilimchukia kidogo kwa upole ule. Kuna lenzi maalumu za kazi hii, Papa Anselme alituambia, amewahi kuiona moja kwa mzungu, ndefu na nzito, lakini Goma nzima hakuna, na hata ikiwepo haitakuja mikononi mwa msichana wa kuosha picha. Aliyasema hayo bila ubaya, kama mtu anayekupa habari za barabara.

Jibu nililipata nikiwa nafanya usafi. Nilikuwa nimeichomoa lenzi kuipangusa kwa pindo la kitenge, nikaigeuza ili nitazame kama vumbi limebaki, na bila kukusudia nikaitazamia kwa nyuma, upande unaoingia kwenye kamera. Nikaona ukucha wangu. Niliuona jinsi sijawahi kuuona, mkubwa, na uchafu chini yake umekaa mstari mweusi mpana. Nilimwita Kavira kwa sauti iliyomwogopesha. Siku hiyo tuligeuza lenzi juu ya kila kitu kilichokuwa studio. Tuliangalia nyuzi za kitambaa chake, chembe za sukari, jicho la sambaza, dagaa wa ziwa letu, aliyebaki kwenye sahani ya Papa Anselme. Kavira alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, mkono kifuani, akipumua kwa shida. Nilidhani ni kicheko. Kumbe siri ilikuwa hiyo tu: kuigeuza lenzi, uso wake ukatazama ndani ya kamera na mgongo wake ukatazama dunia. Ukifanya hivyo huwezi tena kuzungusha chochote ili picha itulie. Unasogea wewe, mwili mzima, mbele na nyuma, na kuna mahali pamoja tu panapokubali, vidole vinne kutoka kwenye kioo, unene wa ukucha. Ukipumua umekwisha kupapita.

Shangazi yake Kavira alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Himbi ambayo wenyewe walikuwa Ulaya, na mlinzi wa pale, mzee mpole, alitufungulia lango bila maswali marefu. Tulifika mapema, jua likiwa linaanza kuvuka ukuta, kwa sababu kipepeo wa asubuhi ana baridi, anakaa ametandaza mabawa apate moto kabla hajaweza kuruka. Nilijifunza kutambaa kwa viwiko. Nilijifunza kutokuja kutoka upande wa jua, maana kivuli kikimgusa tu ameondoka. Nilijifunza kuiweka kamera sambamba na mabawa, la sivyo bawa moja linaonekana na lingine linapotea. Kavira aliloweka ndizi zilizooza kwenye masalio ya kasiksi, pombe ya ndizi ambayo mlinzi alitupatia kwa huzuni kubwa, na vipepeo walikuja kuinyonya mpaka wakawa wanayumba. "Bamelewa," Kavira alininong'oneza. "Piga sasa, kesho batakuwa na aibu." Yeye alikaa. Alikaa kwenye jiwe akiwa na kipande cha katoni nyeupe cha kurudisha mwanga chini ya mabawa, anaweza kukaa hivyo asubuhi nzima bila kubadilisha mguu, akiyataja majina yao ya Kilatini polepole kama mtu anayesali rozari. Nilimsifu kwa subira yake. Hakunisahihisha.

Shida ilikuwa mikono. Mkono mmoja ulishika kamera, mwingine ulikandamiza lenzi iliyogeuzwa isianguke, na mwanga ulipenya pembeni ukaacha utando mweupe kwenye picha. Kwa hiyo siku moja nikaipeleka kwa fundi wa viatu aliyekaa karibu na studio. Nilimwomba aibandike. Alitumia gundi yake ya soli, kisha akazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, ule ule ambao wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hufungia mizigo yao, akauvuta kwa meno na kuubandika nao. Aliponirudishia, nilijaribu kuichomoa kwa nguvu zangu zote na haikutikisika. "Iyi haitoke tena," alisema kwa fahari, nami nikafurahi naye. Picha zikawa safi ajabu. Tuliona magamba ya mabawa yamepangwa kama mabati ya nyumba, tukaona ulimi umekunjwa, na zile nywele za miguu ambazo profesa alizitaka. Lakini kuanzia siku hiyo kamera ile haikuona chochote zaidi ya vidole vinne. Ukimwelekezea mtu, unaona ukungu. Papa Anselme aliitia jichoni, akatazama mlango, akatazama kigoda, akatazama uso wangu, akanirudishia. "Umetengeneza apareye ya wadudu," alisema, akimaanisha kamera. Nilidhani ananisifu.

Tukitoka Himbi tulikwenda kula kwao Kavira, Mabanga, nyumba ya mbao iliyosimama moja kwa moja juu ya lava ya zamani. Mama Kavira alikuwa na sauti kubwa na mikono mifupi, na hakuamini kwamba kuna ugonjwa wala huzuni inayoweza kuishinda sahani ya bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza wa kukaangwa. Alinilisha kana kwamba ananinenepesha kwa ajili ya soko. Siku moja tulikuwa tunakula sebuleni, mimi na Kavira, na upande wa pili wa ukuta, jikoni, mama yake alikuwa akizungumza na shangazi yule mpishi. Mbao zile hazikuficha kitu.

"Banganga ba hospitali balisema na hiyo ugonjwa ya damu yake hatapita vingt ans," Mama Kavira alisema, na ile sauti kubwa ilikuwa imepungua.

"Na sasa ana ngapi?"

"Vingt-deux," akajibu, ishirini na miwili. "Iyi miaka mbili ni ya kuiba, ndugu yangu. Kila asubui naenda kuangalia kama anapumua."

Tonge lilikuwa njiani kuelekea mdomoni mwangu. Kavira, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alichovya bugali lake kwenye sombe na kunitazama bila kujificha. "Kula, itapoa," alisema. Tukala. Baada ya muda akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Siku moja unipige na miye foto. Weye, apana Papa Anselme. Yeye anapigaka masikio."

"Kesho," nikamwambia. "Nitatoa ile gundi kwanza."

Nimekuwa na miaka mingi ya kulichunguza hilo neno kesho, na nimelitafutia visingizio vyote ambavyo mtu anaweza kupata. Kazi yake ya utafiti ilikuwa haijaisha. Kama ningeikata gundi, fundi asingeweza kuibandika vile vile tena. Kulikuwa na kipepeo mmoja mweusi mwenye mikanda ya kijani ambaye tulikuwa hatujampata, na nilimtaka. Hayo ni kweli. Lakini kweli iliyo chini yake ni hii: katika kazi yetu ya picha, ukimpiga mgonjwa bila sababu, kila mtu anaelewa unaandaa picha ya jeneza. Familia zilikuja studio namna hiyo, zimemshika mzee kwapani, zimemvalisha koti la bluu, na wote tulijifanya ni picha ya kitambulisho. Sikutaka kumkalisha Kavira kwenye kigoda kile hata kwa kamera nyingine. Nilijiambia kwamba nisipompiga hatakufa. Aliniomba mara ya pili Himbi, tukiwa tunakusanya maganda ya ndizi, na mara ya tatu mlangoni pa studio, mvua ikinyesha, amejifunika kitambaa chake. Mara zote tatu nilimjibu neno lile lile, na mara ya tatu hata sikuinua kichwa.

Picha niliyoibeba Jumamosi ilipigwa katikati ya mara ya pili na ya tatu. Asubuhi hiyo Kavira alichoka kabla hatujaanza. Alikaa chini akaegemea ukuta, kiwiko juu ya goti, kidole gumba kimesimama mbele ya kidevu, na jasho lilimtoka ingawa jua lilikuwa bado changa. Kipepeo wa rangi ya chungwa, wa kawaida kabisa, akaja akatua kwenye kile kidole akaanza kunyonya chumvi ya jasho. Nilitambaa. Kupitia kamera ile niliona jicho la kipepeo, ulimi umenyooka, na kovu jeupe ambalo Kavira aliachiwa na pasi ya makaa. Zaidi ya hapo sikuona kitu, na sikutafuta kuona. Kavira aliongea bila kuchezesha midomo.

"Niko ndani?"

"Kidole yako tu. Nyamaza."

Akanyamaza. Nilipiga mara nne mpaka mkanda ukaisha. Ile ya tatu ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, nasema hivyo hata leo, baada ya harusi nyingi na maaskofu wawili. Jicho la kipepeo limetulia, kovu limetulia, na nyuma yake ni rangi tu, kahawia na njano zimeyeyukiana. Nilidhani ni ukuta na maua. Kavira aliomba ikuzwe Gisenyi, ukubwa wa daftari, moja kwa ajili ya jalada la kazi yake na moja akaitundika sebuleni kwao. Alifurahi nayo kuliko ilivyostahili, hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Alikufa Alhamisi moja saa sita mchana, siku ya tatu ya maumivu, wiki mbili kabla ya kutetea kazi yake. Nilikuwa studio nikikata picha za vitambulisho kwa mkasi. Shangazi yake aliingia amevaa kandambili mbili zisizofanana, na kabla hajasema kitu Papa Anselme alikuwa amekwisha kuninyang'anya mkasi. Niliumia kwa namna ambayo sitajaribu kuipamba. Sikulia. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja, chini ya ile ndege ya abiria, nikasikia shangazi akisema tunahitaji picha ya kesho kutwa. Picha pekee waliyoipata ilikuwa ya kadi ya chuo, na karani aliyeigonga muhuri alikuwa na haraka, duara la wino lilipita juu ya mdomo wa Kavira na jicho moja. Papa Anselme aliifanyia kazi siku nzima. Alikuwa fundi wa kuchora upya sura zilizoharibika, kwa penseli na kisu kidogo, na nusu ya marehemu wa Birere walibebwa na mikono yake. Alimtengenezea Kavira jicho, akamtengenezea mdomo. Masikio yalikuwa sawa kabisa. Mama Kavira aliipokea sebuleni, wanawake wamekaa mikekani pande zote, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ni mutoto wa nani?" aliuliza.

Papa Anselme alivua kofia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mtu ambaye alikuwa ameshinda na yule msichana mwaka mzima na kamera mkononi, na katika boksi langu kulikuwa na vipepeo zaidi ya mia mbili na hakuna uso hata mmoja. Mama Kavira aliiweka ile picha kifudifudi juu ya meza. Akaenda ukutani, akashusha kipepeo, akakipangusa kioo chake kwa kanga yake, akavuka chumba kizima na kuniwekea mikononi. "Furaha njo atabeba iyi," alisema. Nami niliyaelewa maneno hayo kama hukumu: ulipiga wadudu, basi bebea watu mdudu wako. Niliibeba kutoka Mabanga hadi makaburini. Barabarani mtu aliuliza kwa sauti kama leo wanazika kipepeo, na wengine wakamnyamazisha. Nililia njia nzima, na naona haya kusema kwamba nililia kwa fedheha zaidi kuliko kwa Kavira.

Nilipotoka makaburini niliikata gundi kwa wembe. Lenzi ilitoka na kipande cha kamera, na kamera ile haikufanya kazi tena. Miezi michache baadaye moto ulishuka, ukapita Birere, ukachukua studio, koti la bluu, maporomoko ya maji na boksi langu lenye mikanda yote. Watu walilia mali zao. Mimi, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Mama Kavira sikumwendea. Kwanza nilisema nitakwenda msiba ukipoa, kisha nikaona nimechelewa, kisha kuchelewa kwenyewe kukawa sababu. Nikimwona sokoni nilipita njia nyingine. Nilifungua studio yangu, nikaolewa, nikazeeka kidogo kidogo, na siku hizi wasichana wanakuja kunionyesha vipepeo waliowapiga kwa simu, safi, kila unywele umeonekana. Ninawasifu. Mimi napiga nyuso tu. Mtu akiniomba picha, hata kama nimefunga mlango na ufunguo uko mkononi, nafungua.

Mwezi uliopita mjukuu wa Mama Kavira alikuja studio akaniambia bibi yake anaumwa na ananiita. Nilikwenda nikiwa na mwili mzito kama ninaitwa mbele ya hakimu. Nyumba ya mbao ilikuwa imeongezwa chumba cha tofali, na kitanda chake walikuwa wamekihamishia sebuleni. Mbele ya kitanda, mahali ambapo jicho lake lingefika bila kugeuza shingo, kulikuwa na kipepeo. Rangi zilikuwa zimefifia. Alikuwa amekonda, lakini sauti haikuwa imekonda naye.

"Furaha. Ulinihama ju ya nini?"

Nilipiga magoti kando ya kitanda, goti likalia, nikamwambia, "Mama, sikumupiga foto. Aliniomba mara tatu, nikamuambia kesho. Unisamehe."

Hakuonekana kama mtu anayesamehe. Alionekana kama mtu ambaye hajaelewa. "Unasema nini? Ulimupiga. Iko pale."

"Mama, ile ni kipepeo."

"Kipepeo iko mbele," alisema. "Angalia nyuma." Akaomba mjukuu aishushe, akaiweka kifuani, na kidole chake kifupi kikatembea juu ya kioo polepole, mahali ambapo sikuwahi kupatazama. "Iyi njano ni kitambaa yenye nilimushonea. Iyi ni paji ya uso. Apa kuko kidevu, kidole yake iko mbele ya kidevu, si unaona? Siku aliileta hapa alikuwa anaruka-ruka. Alisema, mama, Furaha amenipiga, niko nyuma ya kipepeo." Akakipangusa kioo kwa pindo la shuka. "Nilizani unajua. Njo maana nilikupatia ubebe. Nani mwengine alikuwa na foto ya mutoto wangu?"

Miaka ishirini na zaidi nilimkimbia mwanamke aliyekuwa akinishukuru. Nililaza kichwa juu ya godoro lake, akanishika nywele, na nilimlilia Kavira siku hiyo kwa mara ya kwanza bila kujilia mwenyewe. Kavira hakufa akingoja kesho yangu. Alijua yuko ndani, hata nilipomwambia hayumo. Lakini mara ya tatu, mlangoni, kwenye mvua, aliomba tena, kwa hiyo naye aliona kwamba haitoshi, na hilo Mama Kavira hakulijua na sikumwambia. Nilikwenda na ile picha studio kwa siku mbili, nikaipitisha kwenye mashine, nikajaribu kila kinachojaribiwa siku hizi kwenye kompyuta. Haitulii. Kilichopotea kwenye lenzi hakirudi kwa mashine. Ni kahawia na njano, na mimi ninayejua nikiangalia sana naona, kisha nikipepesa macho sioni.

Mama Kavira aliagiza kwamba siku yake wabebe picha mbili. Jumamosi, tulipopita sokoni, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi aliacha meza yake akatembea nami hatua kadhaa, kwa heshima, amejitanda kitenge.

"Mama, pole," alisema. "Kipepeo ni ya nini?"

"Ni mutoto wa huyu mama. Iko nyuma ya kipepeo."

Aliinama mbele yangu akitembea kinyumenyume juu ya mawe, akaitazama vizuri, kwa nia njema, mtu anayetaka kweli kuona.

"Siko naona mutu."

"Hata miye, mama," nikamwambia. "Nilimupigia karibu sana."